Kijana aliyepiga picha daftari la mchango: barua ya wazi kwa wakuu wa serikali za mitaa

Kwa Waheshimiwa wakuu wa TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), Mtumba. Wakuu wa wilaya, wakurugenzi, wenyeviti wa halmashauri na madiwani wa Mkoa wa Dodoma.

YAH: MCHANGO WA MAENDELEO WA SHILINGI 15,000 NA KIJANA ALIYEUANDIKA

Waheshimiwa, mbukwenyi.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nimefundisha miaka thelathini na minne, yote ndani ya mkoa huu, na sasa nalima uwele na alizeti kidogo kijijini nilikozaliwa. Jina la kijiji nimeliacha kwa makusudi, na la mtendaji wetu pia. Sitaki mtu mmoja atolewe kafara kwa jambo ambalo walimu wenzangu wastaafu wananisimulia kutoka vijiji vyao, kwa maneno yaleyale.

Naandika kwa ajili ya kijana mmoja niliyemfundisha darasa la tatu. Anaishi kwa kuchaji simu za watu na kuuza vocha. Mwezi Januari alipiga picha ukurasa mmoja wa daftari la mchango wa maendeleo, ule wa kujenga zahanati ya kijiji, akauweka mtandaoni na maneno machache chini yake. Ukurasa huo nimeuona kwa macho yangu. Ni daftari la kaunta, lile la jalada gumu, limepigwa mistari kwa rula: jina la mkuu wa kaya, kiasi, sahihi. Mstari wa tano kutoka chini kuna jina la bibi mmoja jirani yangu, mjane. Kwenye safu ya kiasi hakuna fedha. Pameandikwa "kuku 2". Sahihi yake ni dole gumba, kwa wino wa bluu. Hakuna mahali panapoonyesha kuku wale walithaminishwa shilingi ngapi, nani aliwabeba, wala waliuzwa mnada gani.

Kijana aliuliza mambo matatu tu. Kuku wale ni shilingi ngapi? Stakabadhi iko wapi? Mkutano mkuu wa kijiji ulipitisha lini mchango huu? Siku ya tatu akaitwa ofisini. Akaulizwa ametumwa na nani, ni wa chama gani, na leseni ya kuandika habari ameitoa wapi. Usiku alikuja kwangu. Alisema "Shikamoo mwalimu" kama anavyosema siku zote, akakaa kwenye kigoda, akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Wameniambia nifute. Nimefuta."

Waheshimiwa, sijalala vizuri tangu usiku ule.

Kwanza nieleze mchango wenyewe, maana msije mkadhani tunakataa zahanati. Zahanati tunaihitaji. Mama mjamzito wa kijiji chetu akishikwa na uchungu wakati wa mvua, korongo limejaa, bodaboda haivuki, anabebwa kwenye machela. Tangu Mpango wa Maendeleo wa Afya ya Msingi ulioanza mwaka 2007 tunaambiwa kila kijiji kitakuwa na zahanati yake. Tulianza boma letu wenyewe, yaani kuta za jengo la zahanati, kwa nguvu za wananchi: wanawake tulibeba maji na mchanga, vijana walifyatua tofali, wenye mikokoteni walileta mawe. Boma lilifika kwenye lenta, likasimama hapo. Nyasi zimeota ndani, mbuzi hujikinga mvua humo. Tunayekosana naye ni yule anayekusanya bila kutwambia kwa nini boma lilelile linachangiwa kwa mara ya tatu.

Mchango wa safari hii ni shilingi 15,000 kwa kaya, na umetangazwa kuwa wa lazima. Asiyelipa hapati barua ya utambulisho ya mtendaji. Mnaokaa mjini huenda hamjui uzito wa karatasi ile. Kijana anayetaka kitambulisho cha Taifa, mama anayetaka mkopo wa kikundi, mzazi anayemwombea mtoto nafasi ya chuo, wote huanzia kwenye barua hiyo. Kumnyima mtu barua ya utambulisho kijijini ni kumfungia mlango wa Serikali nzima.

Tena mchango huu umeletwa kati ya Januari na Machi. Mwenyeji yeyote wa Ugogoni anajua miezi hiyo ikoje. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, na uwele na mtama tunavuna Mei na Juni. Januari ghala limebaki vumbi, watu wanakula mlenda na ugali mwembamba, na aliyebakiwa na debe la mbegu amelificha asije akalipika. Ndiyo maana bibi alitoa kuku. Angeombwa mwezi wa saba angetoa fedha, na angetoa bila kusukumwa. Namfahamu.

Sasa niwarudishe nyuma kidogo, kwa sababu jambo hili si geni kwetu.

Miaka ya tisini nilikuwa mwalimu kijana. Kodi ya maendeleo, ile tuliyoizoea kuiita kodi ya kichwa, sisi watumishi ilikatwa kwenye mshahara, hivyo mimi sikuwahi kukimbia. Mdogo wangu alikimbia. Alfajiri moja nilikuwa nyumbani kwa mama, kwenye tembe letu la zamani, nyumba ya paa bapa la udongo, mbwa wakaanza kubweka upande wa mashariki, na kila mtu akajua ni mgambo. Mdogo wangu hakuwa na muda wa kufika mlimani. Alipanda juu ya tembe akalala kifudifudi katikati ya masuke ya mtama tuliyokuwa tumeyaanika. Mgambo wawili wakaingia. Mama akawaambia kijana ametoka na ng'ombe. Wakati anasema hayo, juu mdogo wangu akasogea kidogo, na udongo wa dari ukamdondokea mama begani. Niliuona ukidondoka. Mgambo mmoja naye aliuona. Akamtazama mama, akatazama juu, akamwambia mwenzake, "Twende nyumba nyingine." Mpaka leo simfahamu jina, na kila mara ninapokumbuka asubuhi ile namwombea.

Wengine hawakukutana na mgambo wa namna hiyo. Walifungwa kamba mikono, wakatembezwa mbele ya watoto wao, wakawekwa mahabusu ya mahakama ya mwanzo. Asubuhi nikiita mahudhurio darasani nilijua baba wa nani amekamatwa kwa kuangalia dawati lipi liko wazi.

Kodi ile ilifutwa mwaka 2003. Waziri wa Fedha wakati huo, Basil Mramba, aliisoma bungeni kwenye bajeti ya Juni, hapahapa Dodoma, chini ya Serikali ya Rais Mkapa. Nakumbuka watu walivyokusanyika kwenye redio ya muuza duka. Mzee mmoja aliuliza mara mbili, "Imefutwa kabisa, au imepunguzwa?" Alipojibiwa kabisa, alivua kofia yake. Na si mara ya kwanza kwa nchi hii kuona ubaya wa kodi ya kichwa: mwaka 1969, wakati wa Mwalimu Nyerere, kodi ya namna hiyo iliyotozwa na halmashauri ilifutwa, kisha miaka ya themanini, halmashauri zilipofufuliwa, ikarudi na jina jipya la maendeleo. Ndiyo sababu tukisikia neno "maendeleo" limewekwa mbele ya kiasi cha fedha kinachodaiwa kwa kaya na kwa lazima, watu wa umri wangu tunashtuka. Tumeshaiona kodi ikibadilishiwa jina.

Najua halmashauri zimebanwa. Nasema hili kwa moyo mweupe. Baada ya kodi ya kichwa, vyanzo vingine navyo viliondoka au vilipungua. Kodi ya majengo ilipelekwa Mamlaka ya Mapato (TRA) mwaka 2016. Ushuru wa mazao ulishushwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na mkulima anayesafirisha chini ya tani moja akaachiwa apite bila kutozwa. Sisi wakulima tulishukuru sana, maana kabla ya hapo gunia mbili za alizeti zilitozwa kwenye kizuizi kama lori. Lakini shimo lililobaki kwenye mfuko wa halmashauri halikuzibwa lote, na shinikizo likashuka ngazi kwa ngazi: mkoa kwa wilaya, wilaya kwa kata, kata kwa mtendaji wa kijiji, ambaye anapimwa kwa boma lililoezekwa. Naye hana pa kulishusha isipokuwa mlangoni kwa bibi.

Sheria, hata hivyo, iko wazi. Ibara ya 138 ya Katiba inasema hakuna kodi ya aina yoyote itakayotozwa ila kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge, au kwa utaratibu uliowekwa kisheria chini ya sheria ya Bunge. Kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo, ndiyo, lakini ipite kwenye mkutano mkuu wa kijiji na iidhinishwe na halmashauri ya wilaya. Kama haikupita huko, basi ni mchango wa hiari, na wa hiari haumnyimi mtu barua. Na mkutano mkuu unatakiwa kuitishwa kila miezi mitatu, mapato na matumizi yasomwe mbele ya wananchi. Kwetu, mara ya mwisho kusomewa, mjukuu wangu alikuwa hajazaliwa. Sasa anatembea.

Labda mtauliza, kama mambo yako hivyo, mbona hatukuyasikia? Waandishi wa habari hawapo?

Wapo, na walikuja. Walikuja na msafara wa mgeni rasmi siku ya kuhamasisha mchango. Jioni nikasikiliza redio nikiwa napepeta mchele. Nikasikia kwamba wananchi wa kijiji chetu wamejitokeza kwa wingi kuchangia maendeleo yao na wameipongeza Serikali. Nikasikia sauti ya mwenyekiti, sauti ya mgeni rasmi, na vigelegele. Vigelegele vilikuwa vya kweli, nami nilipiga, kwa sababu ngoma ilikuwa nzuri na mgeni ni mgeni. Lakini hakuna mwandishi aliyetembea hatua mia mbili kwenda kwa bibi. Siwalaumu sana. Mwandishi wa kujitegemea wa mkoani analipwa kwa habari, moja moja, na nauli ya kufika kijijini kwetu huenda ikazidi malipo ya habari yenyewe. Anapanda gari la anayemwandika. Anarudi na gari hilohilo saa kumi. Atamhoji saa ngapi mtu ambaye hakukaa jukwaani?

Kwa hiyo habari ya kijiji, upande wa pili, ilibaki kwa kijana wa vocha mwenye simu iliyopasuka kioo. Alikuwepo asubuhi, alikuwepo jioni, anamfahamu bibi, na alikuwa jirani wakati kuku wanafungwa miguu. Hakutukana mtu wala kumwita mtu mwizi. Aliandika alichokiona, akauliza.

Naye ndiye aliyeulizwa leseni. Waheshimiwa, kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipotoka mwaka 2018, ada ya maombi ilikuwa shilingi 100,000, ya leseni milioni moja, na nyingine milioni moja kila mwaka. Baadaye zikapunguzwa. Lakini hata zikipunguzwa mara kumi, kijana anayepata shilingi mia tatu kwa kuchaji simu moja hawezi kuifikia leseni ya chombo cha habari, wala hana chombo cha habari. Yeye ni mwananchi anayeuliza habari za fedha alizochangia mama yake. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kueleza fikra zake na haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari. Na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi la taarifa ndani ya siku 30. Siku ya thelathini kwetu imepita. Alichojibiwa kijana ni kufuta.

Mkumbuke tozo ya miamala ya simu. Ilianza tarehe 15 Julai 2021, kuanzia shilingi 10 mpaka 10,000 kulingana na kiasi. Watu walilalamika hadharani, kwenye magazeti, kwenye redio, kwenye simu zao, sokoni Majengo na kwenye daladala za Nkuhungu. Septemba mwaka huohuo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Mwaka 2022 ikapunguzwa tena, na Julai 2023 tozo ya kutuma fedha ikaondolewa. Serikali ilisikia, na kwa hilo naishukuru, kwa sababu mimi mwenyewe hutumiwa fedha na watoto wangu walioko mjini na niliona makato yalivyopungua. Lakini isingesikia kama wale waliolalamika wangeitwa mmoja mmoja ofisini na kuambiwa wafute. Tozo ile iliwagusa watu wa Dar es Salaam na Dodoma mjini, ikawa na wasemaji wengi. Shilingi 15,000 ya kijiji chetu ilikuwa na msemaji mmoja.

Naomba nikiri jambo. Nikiwa mwalimu mkuu msaidizi niliwahi kuwarudisha watoto nyumbani kwa sababu ya mchango wa madawati. Niliwaita majina mbele ya wenzao mstarini. Nilipewa orodha, nikaisoma. Mmoja wao, msichana mwenye akili sana ya hesabu, hakurudi tena shuleni. Januari 2018 Rais Magufuli alipopiga marufuku michango ya lazima mashuleni, nilikaa ofisini nikamkumbuka yule binti, nikalia. Kwa hiyo sisemi watendaji wetu ni watu wabaya. Mtendaji wetu ni kijana mpole, amepanga chumba kimoja, ana lengo aliloandikiwa na mtu ambaye hajawahi kuliona korongo letu. Najua inavyokuwa unaposhika orodha mkononi na kuanza kusoma majina. Mtu wa kukusaidia wakati huo ni yule anayesimama na kusema, "Subiri, hii imepitishwa lini?" Kwangu hakusimama mtu. Kwa mtendaji wetu alisimama kijana, na badala ya kushukuriwa, kijana akatishwa.

Ninachoomba si kikubwa. Mtoe tamko kwa maandishi, libandikwe kwenye mbao za matangazo za vijiji vyote vya mkoa huu, kwamba barua ya utambulisho haiuzwi kwa mchango wa aina yoyote. Kila shilingi ya mchango ipitie kwenye mashine na namba ya malipo, kama mnavyokusanya ushuru sokoni. Na anayetoa kuku, mbuzi au debe la uwele aandikiwe thamani yake palepale, mbele ya shahidi, na apewe stakabadhi. Wekeni kalenda ya michango baada ya mavuno. Tuambieni pia boma letu linasubiri nini, maana mchango wa kwanza na wa pili haujasomwa.

Na kwa kijana: mtu mwenye mamlaka amwite tena, safari hii mchana, mbele ya wazee, amwambie picha yake haikuwa kosa na anaweza kuirudisha. Nasisitiza mbele ya wazee. Alipoitwa mara ya kwanza kijiji kizima kilijua kabla ya magharibi, na tangu hapo kuna watu hawapeleki simu kwake kuchaji, wanaogopa kuonekana. Hasara hiyo haimo kwenye daftari lolote.

Waandishi wa redio na magazeti wa hapa mkoani, najua mtaisoma barua hii. Mkija tena na msafara, mniambie, nitawapa uji na mtu wa kuwarudisha barabarani kwa pikipiki jioni. Msiondoke saa kumi.

Mkutano mkuu wetu wa robo hii unatakiwa ufanyike kabla ya Machi kuisha. Hufanyika chini ya mkuyu ulio mbele ya ofisi, saa nne asubuhi. Nawaomba mtume mtu mmoja, hata ofisa wa ngazi ya chini, aje na hesabu za boma. Nimemsomea bibi barua hii yote, akaniomba niirudie sehemu ya kuku. Amesema mkutano ukiitishwa atakuja na fimbo yake, akae mbele, na swali hilo ataliuliza yeye mwenyewe.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu wa shule ya msingi,
Mkoa wa Dodoma.